Garanti ya miezi sita Nguba, au nyumba yenye ufa Panzi?

Jambo Yaya,

Nina miaka 31, ni mwalimu wa sekondari hapa Bukavu, upande wa Nyawera. Mume wangu ni fundi wa magari, gereji yao iko Essence. Tuna watoto wawili, na dada mdogo wa mume wangu anakaa nasi kwa sababu anasoma chuo cha ualimu, ISP. Tumepanga Nyamugo, chumba na saloni, dola 50 kwa mwezi, huu ni mwaka wa tano. Watu watano. Usiku tunasogeza meza ukutani, tunatandika godoro la wifi yangu na watoto, na anayetaka kutoka nje anaruka miguu ya wenzake.

Mwezi huu wa nne mwenye nyumba alituita, akatuambia kwa upole kwamba kijana wake mkubwa anaoa na ataingia katika nyumba hii, basi tutafute pengine kabla Mei haijaisha. Hatujagombana naye. Garanti yetu, ile dhamana tuliyoweka tulipoingia, kodi ya miezi mitatu, dola 150, iko mikononi mwake. Anasema ataturudishia mpangaji mpya akishalipa.

Tumeona nyumba mbili. Ya kwanza ni apartema Nguba, ghorofa ya pili. Vyumba viwili, saloni, jikoni, bafu na choo ndani, maji ya Regideso kwenye bomba. Dola 180, garanti ya miezi sita, na komisioneri, yaani dalali, anataka kodi ya mwezi mmoja iwe yake. Mimi nilikwenda na sentimita ya jirani yangu mshonaji, komisioneri akacheka, lakini nilipima. Chumba kikubwa kina mita 2 na sentimita 80 kwa mita 2 na sentimita 60. Kidogo ni mita mbili na nusu kwa mita 2 na sentimita 40. Saloni ni mita 3 na sentimita 40 kwa mita 3. Jikoni na bafu nilikadiria tu, kama mita nne na nusu za mraba kwa pamoja.

Ya pili iko Panzi, unaacha barabara kubwa unashuka kwa ngazi za udongo. Saloni ni mita nne na nusu kwa nne, chumba kimoja mita tatu na nusu kwa tatu, na viwili vya mita tatu kwa tatu. Jikoni iko nje, kuna uwanja kidogo wa watoto. Dola 90, garanti miezi mitatu, komisioneri mwezi mmoja. Maji tutanunua kwa jirani, nimehesabu kama dola 20 kwa mwezi. Nauli yangu, ya mume na ya wifi kutoka kule ni kama dola 45. Tukikaa Nguba mimi nitatembea kwa miguu, nauli itabaki kama 15, na mchango wa maji na takataka ni 10.

Kitu kimoja cha Panzi kinanisumbua. Katika chumba cha nyuma, upande wa bonde, kuna ufa unaoanzia kona ya dirisha, unapanda kwa mshazari hadi juu. Kidole kinaingia. Mwenye nyumba anasema ni wa tetemeko la 2008.

Mwezi mzuri tunapata dola 400 sote wawili, mwezi mbaya 300. Akiba yetu ni 700. Mume wangu moyo wake uko Nguba. Anasema amechoka na tope, amechoka kuamka saa nane usiku kuvizia maji, na anataka watoto wake wakue mahali penye bomba. Anataka nichukue zamu yangu ya likelemba, ule mchango wetu wa kupokezana, mapema, na yeye akope kwa mkubwa wake wa gereji. Mimi naogopa deni. Wifi yangu anasema popote patakapokuwa na mlango wake atashukuru. Komisioneri wote wawili wanatupigia simu kila siku kwamba kuna mtu mwingine anakuja na pesa. Tufanye nini?

Mama wa wawili, Nyamugo

*

Mdogo wangu,

Aksanti kwa ile sentimita. Barua za nyumba ninazopokea ni nyingi, na karibu zote zinasema "vyumba viwili na saloni" kana kwamba hicho ni kipimo. Si kipimo. Mjini kwetu chumba ni mahali popote palipowekwa ukuta na mlango, na mwenye nyumba akitaka vyumba viwili anakata kimoja kwa triplai. Wewe umeniletea mita, basi tuzungumze kwa mita.

Nimezidisha. Ile ya Nguba, ukichanganya na jikoni na bafu, ina mita za mraba 28 hivi. Ile ya Panzi ina 46 na nusu, bila kuhesabu jikoni ya nje. Ukigawa kodi kwa mita, Nguba unalipa zaidi ya dola 6 kwa kila mita ya mraba, Panzi unalipa chini ya 2. Sehemu ya hiyo bei ni bomba, barabara, ukaribu na kazi, na hivyo vitu vina thamani. Lakini sasa chora kitanda chenu ndani. Kitanda cha mita moja na sentimita 60 katika chumba chenye upana wa mita 2 na sentimita 60 kinaacha mita moja. Mlango ukifunguka kwa ndani unakula sentimita 80 za hiyo mita. Kabati litakaa wapi? Chumba kidogo kitachukua kitanda cha ghorofa cha watoto na begi zao za shule, kwisha. Wifi yako anayeomba mlango tu atarudi kulala saloni, na meza itasogezwa ukutani kila usiku. Hiyo ni Nyamugo ile ile, ila kwa dola 180.

Kwa upande mwingine, mume wako ana haki zaidi ya unavyodhani, na sitaki umchukulie kama mtu wa kujionyesha. Ukiangalia kodi peke yake unaona tofauti ya dola 90 kati ya nyumba hizo. Ukiongeza maji na nauli, Nguba inafika 205 kwa mwezi, Panzi 155. Tofauti iliyobaki ni 50. Na mtu aliyeamka saa nane usiku miaka mitano kukinga maji ana sababu ya kulipa 50 ili alale. Kwa hiyo usimwambie Panzi ni nusu ya bei, maana si kweli, na yeye atalijua hilo mwezi wa kwanza akianza kulipa teksi.

Kinachoniogopesha Nguba ni siku ya kuingia, na mwezi mbaya. Siku ya kuingia mnatoa 1.080 ya garanti, 180 ya komisioneri na 180 ya mwezi wa kwanza: 1.440. Mna 700. Mtaanza maisha mapya na deni la 740 kwa likelemba na kwa mkubwa wa gereji, yaani mtu ambaye mume wako anamtegemea kwa mkate. Kisha mwezi mbaya ukija, 300 ukitoa 205 inabaki 95. Hiyo ni kama dola 3 kwa siku kwa vinywa vitano, kabla ya minerivali, ada ya shule, ya wifi yako, kabla ya dawa, kabla ya kulipa hata dola moja ya deni. Hapo hata mimi nisingelala, bomba au si bomba.

Na garanti ya miezi sita si halali. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, ile ya nyumba za kupanga, inasema kwa nyumba ya kuishi garanti haipiti miezi mitatu ya kodi. Najua, najua. Ukimwambia hivyo mwenye nyumba wa Nguba atakuambia mlango uko pale. Wengi wanaomba sita, wengine zaidi, na mpangaji anayetaja sheria kabla hajapata ufunguo mara nyingi anakosa ufunguo. Lakini mtaje kwa adabu, muulize kama atakubali mitatu, kwa sababu wapo wanaokubali wakiona watu wawili wenye kazi na watoto watulivu. Mimi mwenyewe, tulipoanza maisha na mume wangu, tulilipa sita upande wa Muhumba bila karatasi yoyote. Mwenye nyumba akauza. Mnunuzi akatuambia hajui habari ya garanti, tumtafute aliyeuza, na aliyeuza alikuwa ameshahama mji. Pesa ile ilikuwa ya cherehani yangu. Ndiyo maana nikisikia "miezi sita" moyo unanipiga mpaka leo.

Ila hata angekubali mitatu, mita zisingeongezeka.

Sasa Panzi. Hapa nitakuwa mkali, unisamehe. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 wengi tunalikumbuka, Jumapili asubuhi, ukubwa wa 5,9, watu wakiwa kanisani. Lilipasua kuta nyingi za mji huu. Lakini ufa wa siku moja unazeeka kama kitu kingine chochote. Kingo zake zinakuwa nyeusi, buibui anaweka nyumba ndani, na mahali ulipozibwa kwa simenti pamebaki pamezibwa. Ufa unaotembea kingo zake ni safi, rangi imechanika upya, na simenti ya mwaka jana imefunguka tena. Rudi ukauangalie mchana kwa tochi. Muulize mwenye nyumba, kwa upole, akuruhusu kubandika karatasi nyembamba kwa gundi juu ya ufa, pande zote mbili, uandike tarehe. Wiki tatu baadaye, kama karatasi imechanika, ukuta unatembea. Akikataa karatasi ya bure, amekwisha kukujibu.

Ukiwa pale angalia pia mlango wa kile chumba kama unakwama juu, na miti na nguzo za chini ya nyumba kama zimeinama kuelekea bondeni, na maji ya mabati yanamwagika wapi. Umeniambia chumba chenye ufa ndicho kilicho upande wa bonde, na hapo ndipo udongo unapoanza kuondoka. Waulize watu wa Funu. Pale ardhi inateleza polepole mwaka baada ya mwaka, nyumba zinapasuka, watu wanaziba, zinapasuka tena. Sisemi Panzi yote ni hivyo, Panzi ina sehemu nzuri zilizotulia. Nasema hicho chumba cha mita tatu ndicho utakachompa wifi yako au watoto, na mvua ya usiku haitoi taarifa. Kama ufa unatembea, hata kwa dola 30 usiingie.

Kwangu mimi, basi, hata moja kati ya hizo mbili si yenu bado. Najua unachofikiria: Mei. Tuje kwenye Mei, maana barua yako ina sentensi moja ambayo umeipita haraka na ambayo ndiyo ufunguo wenu.

Mwenye nyumba wenu amesema atarudisha garanti mpangaji mpya akishalipa. Lakini umesema nyumba anaingia mtoto wake. Mpangaji mpya atatoka wapi? Mtoto hatamlipa baba yake garanti. Simwiti mwongo. Pengine mzee anasema tu yale ambayo wenye nyumba wote wanasema, kwa sababu hizo dola 150 alizitumia miaka mitano iliyopita, na wengi wao kodi ya wapangaji ndiyo chakula chao. Lakini nyinyi mkitoka leo, hiyo pesa mtaifuata mpaka mchoke.

Kaeni naye, mume wako na wewe, jioni moja, mkampelekee heshima zenu. Muulizeni harusi ni lini. Kama ni Agosti, kama harusi nyingi, mwombeni mle garanti: Mei, Juni na Julai mnakaa bila kulipa, mwisho wa Julai mnatoka, hakuna anayemdai mwenzake. Yeye hatafuti dola 150 asizokuwa nazo, nyinyi mnaweka kando zile 50 za kila mwezi, na mnapata miezi mitatu ya kutafuta badala ya wiki tano. Kama harusi ni mapema na anahitaji nyumba Mei kweli, basi garanti itoke siku ile ile ya kurudisha ufunguo, mkononi. Akikataa yote mawili, nendeni kwenye ofisi ya Habitat ya komuni ya Kadutu. Kazi yao ni kusuluhisha mpangaji na mwenye nyumba kabla mambo hayajafika tribunali ya amani. Lakini kwa mzee anayewaita na kuwaambia kwa upole, sidhani mtafika huko.

Mkiipata hiyo miezi mitatu, anzeni kutafuta sasa, wakati mvua bado inanyesha. Kiangazi kila nyumba ya Bukavu ni nzuri. Aprili hii, mvua ikikatika tu, vaeni buti mwende: mtaona maji yanaingia wapi, njia inakuwaje, na kama gari linaweza kufika. Hilo la gari wengi hawaliulizi. Nyumba za mbao za Kadutu zinapoungua, moto unashinda kwa sababu hakuna njia ya kupita kuuzima.

Tafuteni anekse, zile nyumba ndogo zilizo nyuma ya nyumba ya mwenye parseli, yaani kiwanja, upande wa Nyalukemba na Ndendere. Hazina sifa ya apartema, lakini nyingi zina maji uwanjani na vyumba vyenye umbo la kueleweka. Mtazame Bagira pia. Mimi nimekulia Bagira, katika zile nyumba zilizojengwa wakati wa Wabelgiji, miaka ya 1950. Ni ndogo, lakini aliyezichora alifikiria kitanda kitakaa wapi. Nauli ya Bagira ni ya kuhesabu vizuri. Kipimo chenu kiwe hiki: kodi, maji na nauli pamoja zisipite 150, ambayo ni nusu ya mwezi wenu mbaya. Na kuwe na milango mitatu ya kulala, mmoja wa wifi yako.

Komisioneri wanaopiga simu kila siku waambie "tutakupigia". Yule mtu mwingine mwenye pesa huwa yupo kila mara. Usitoe hata dola ya kushikia nyumba kabla hujamwona mwenye nyumba mwenyewe kwa macho, na kabla hujamuuliza mkuu wa avenyu kama huyo kweli ndiye mwenye parseli. Wapo wapangaji wanaopangisha nyumba za watu. Na uliza kashpawa, ile mita ya umeme wa kulipia kabla: ni yenu peke yenu, au mnachanga na wengine? Mahali ambapo familia nne zinachangia moja, mwenye friji na mwenye balbu mbili hawaishi kwa amani.

Kuhusu mume wako, usimwambie hapana. Yeye ni fundi, anajua milimita moja inavyoweza kuua injini. Jumapili gereji ikiwa imefungwa, mwombe mwende naye na chaki, mchore sakafuni vyumba vya Nguba kwa ukubwa wake halisi, kuta na milango. Wekeni kipande cha boksi la ukubwa wa kitanda chenu. Wifi yako awepo, na watoto wawepo. Mwache asimame katikati. Halafu mwambie kwamba bomba analolitaka na wewe unalitaka, na ndiyo maana umeomba miezi mitatu.

Mzee akikubali mle garanti, mwandikiane karatasi kabla ya mwisho wa Aprili, isiwe ndefu. "Mimi, mwenye nyumba, nimepokea dola 150 kama garanti ya miezi mitatu. Tumekubaliana mpangaji akae Mei, Juni na Julai bila kulipa kodi, badala ya kurudishiwa garanti hiyo. Atatoka tarehe 31 Julai. Hakuna deni lingine kati yetu." Majina yenu, namba ya parseli, avenyu, tarehe. Hali ya kuta na vioo leo mwiandike pia, mstari mmoja, ili Julai asikumbuke dirisha lililovunjika kabla hamjaja. Mzee asaini, wewe na mume wako msaini, mkuu wa avenyu awe shahidi. Nakala mbili. Yenu msiweke saloni, watoto wataichora.